Dada Aliyebaki Himeji

Naushad alikuwa na duka la miwani Agincourt, mtaa wa Toronto, kwa miaka ishirini na sita, na siku alipolifunga aliwaambia wateja wake wa mwisho kwamba sasa anakwenda Japani kupanda treni. Hawakushangaa. Juu ya mashine ya kupimia macho palikuwa na picha ya treni nyeupe yenye pua ndefu, na kila aliyeketi kwenye kile kiti aliiona kabla ya kusoma herufi. Naushad alizaliwa Tabora, mji ambako reli ya Mwanza na reli ya Kigoma zinaachana, na duka la baba yake lilitazamana na stesheni. Mapenzi ya treni hakuyatafuta, aliyakuta nyumbani.

Mke hakuwa naye tena, walishaachana zamani, kwa hiyo alimwomba dada yake Roshan wafuatane. Roshan alimzidi miaka minane. Mama yao alipofariki, Naushad alikuwa na miaka saba, na Roshan ndiye aliyeacha shule akamlea, akamwogesha, akamkagua kucha kila Jumatatu asubuhi. Naushad alihamia Toronto mwaka 1975. Roshan alibaki Tabora na mumewe, akaja mwaka 1998 akiwa mjane, kumfuata binti yake Nazlin. Miaka kumi na mitano ya Kanada haikumbadilisha sana. Alizungumza Kiswahili kwa sauti ya mtu anayemwita jirani aliye ng'ambo ya barabara, alimsalimia yeyote aliyeketi naye kwenye basi, na mkoba wake haukukosa kitu cha kutafuna na kugawa.

Waliondoka Novemba 2013, na siku za kwanza zilikuwa nzuri kweli. Walikuwa na pasi za reli za wiki mbili, zilizowaruhusu kupanda karibu treni zote, na Naushad alizitunza zote mbili pamoja na pasipoti kwenye mfuko wa ndani wa koti lake. Waliona Tokyo, wakalala Nagoya, wakakaa siku nne Kyoto. Kila asubuhi walikwenda stesheni na kusimama pale palipochorwa mistari sakafuni, na treni ilipofika mlango ulisimama mbele yao kabisa, kama vile dereva aliwajua. Roshan alifurahi kama msichana. Aliwaona wafagiaji wakijipanga na kuinamia treni iliyokuwa ikiingia, naye akainama pamoja nao. Kwenye treni ya kwenda Nara aliwagawia wanawake watatu wazee mihogo ya kukaanga aliyoibeba kutoka Toronto, nao wakampa machungwa madogo, na wakaenda safari nzima wakionyeshana picha za wajukuu.

Naushad alikuwa ameketi pembeni akitazama dirishani. Haya ilikuwa imeanza kumwingia. Ndani ya yale mabehewa watu walikaa kimya, wengine wamesinzia, wengine wanasoma, na mabango yaliomba abiria wasiongee kwenye simu. Katikati ya kimya hicho sauti ya dada yake ilikuwa inauliza kwa nini hakuna mtu anayezungumza, wana msiba gani. Jioni moja Kyoto bwana mmoja aliyevaa suti aliinuka akahamia kiti kingine. Huenda alitaka tu kuwa karibu na mlango. Naushad alijiambia amewakimbia wao. Tangu siku ile akawa anamjibu Roshan kwa Kiingereza, kwa sauti ya chini, maneno mawili matatu. Roshan aliendelea na Kiswahili chake.

Siku ya tisa walipanda treni ya kwenda Okayama. Walikaa behewa la nne, na ng'ambo ya ujia waliketi mume na mke wazungu kutoka Vancouver. Yule mume naye alikuwa mpenzi wa treni. Wakaanza kuzungumza, na Naushad akajisikia vizuri sana, akieleza tofauti ya treni za zamani na mpya na kwa nini zina pua ndefu, kama mtu aliyekuwa akingoja kuulizwa maisha yake yote. Roshan akainama mbele yake na mfuko wa mihogo, akawanyoshea wale wageni.

"Waulize wana watoto wangapi," alimwambia Naushad. "Mbona huwaulizi? Na huyu mama mwambie avae soksi nzito, miguu yake imekuwa myekundu."

Yule mwanamke alitabasamu akakataa mihogo kwa heshima. Mumewe akamuuliza Naushad kama yule mama yuko pamoja naye.

"Tuko kwenye msafara mmoja," Naushad alisema kwa Kiingereza.

Hakujua maneno yale yalitoka wapi. Hapakuwa na msafara wowote. Roshan alijua Kiingereza cha kumtosha dukani na kwa daktari, na Naushad hakuthubutu kumgeukia aone kama ameelewa. Alisema anakwenda msalani. Akapita msalani, akapita behewa la tatu, akaingia la pili, akaketi kwenye kiti kitupu dirishani na kufungua gazeti la Kiingereza alilolikuta pale. Alijiambia atakaa dakika kumi tu, apumue.

Dakika kumi zikawa ishirini, zikawa nusu saa. Treni ilifika Himeji, na hapo ilisimama kwa muda kungoja nyingine yenye kasi zaidi iipite. Naushad aliinua macho akamwona dada yake jukwaani. Alikuwa ameshuka bila koti, mkoba begani, anatembea kando ya treni huku akichungulia dirisha moja baada ya jingine, kiganja amekikinga usoni apate kuona ndani. Alikuwa anamtafuta. Alikuwa anakuja upande wake.

Jambo alilolifanya Naushad lilichukua muda mfupi kuliko kulieleza. Alifikiri: ataingia humu, ataniita kwa sauti mbele ya watu wote hawa. Akalinyanyua gazeti likamfunika uso. Alilishika hivyo, akisoma mstari mmoja wa habari za hali ya hewa mara nyingi, mpaka treni iliyowapita ilipotikisa vioo na kutoweka, na milango ikafungwa. Alipolishusha, jukwaa lilikuwa linarudi nyuma. Roshan alikuwa amesimama pale, ameshika kamba ya mkoba kwa mikono yote miwili.

Pasi yake ilikuwa kwenye koti la Naushad. Pasipoti pia. Simu hakuwa nayo.

Ilimchukua karibu saa mbili kufika Okayama, kungoja treni ya kurudi na kumpata. Alimkuta kwenye ofisi ya msimamizi wa stesheni ya Himeji, ameketi kwenye kiti cha magurudumu ambacho hakukihitaji, blanketi magotini na kikombe cha chai mkononi. Msichana mmoja mfanyakazi, mwenye glavu nyeupe, alikuwa amechuchumaa mbele yake na ramani ya dunia. Roshan alikuwa na macho mekundu.

"Umekula?" alimuuliza Naushad.

Naushad alimfokea. Alimuuliza ana akili gani ya kushuka kwenye treni katikati ya safari, katika nchi ambayo hajui hata kusoma jina la stesheni, kama mtoto. Alisema yote hayo kwa Kiswahili, kwa sauti ya juu, kwa mara ya kwanza tangu wafike Japani. Roshan alisema tu kwamba alikuwa anamtafuta. Yule msichana aliinama mara kadhaa akamwomba Naushad radhi, kana kwamba kosa lilikuwa lake.

Siku tano zilizobaki Roshan hakuongea tena kwenye treni. Walikwenda Hiroshima, wakarudi mpaka Tokyo, naye alikaa mkoba mapajani na kunong'ona pale tu alipohitaji kitu. Naushad baadaye alikiri kwamba kimya kile kilimpendeza, na kukiri huko kulimuumiza kuliko mengi mengine.

Januari, wazee wa jumuiya yao pale Toronto walikutana ukumbini mchana mmoja kama walivyozoea, na Naushad akaombwa aonyeshe picha za safari. Walikuwepo watu wapatao arobaini. Alieleza stesheni za Kyoto, vyakula vya kwenye visanduku, treni zisizochelewa. Mtu mmoja akauliza kama hawakupotea hata mara moja. Hapo ndipo Naushad alipopata nafasi ya kusema ukweli, au kunyamaza. Badala yake alisema dada yake aliona jengo refu dirishani akadhani wamefika, akashuka Himeji peke yake bila kumuaga mtu. Ukumbi ulicheka. Akaongeza kwamba alimkuta kwenye kiti cha magurudumu akiwa amejifanya malkia. Walicheka zaidi. Roshan alikuwa safu ya pili. Alitabasamu akitazama mikono yake.

Hadithi ile ilipendwa, na Naushad aliisimulia tena nyumbani kwa binamu yao Rahemtulla, tena kwenye harusi ya Aleena, binti wa Rahemtulla. Kila mara iliota kitu kipya. Kufikia Machi, katika hadithi hiyo Roshan alikuwa amejaribu kukata tiketi ya kwenda Tabora.

Nazlin ndiye ambaye hakucheka. Alikuwa binti pekee wa Roshan, mfamasia, mtu wa tahadhari, na kila siku kazini aliona watu wazima wenye kusahau wakija na watoto wao kuchukua dawa. Alianza kumtazama mama yake kwa jicho jingine. Sufuria iliyoungua, funguo zilizoachwa mlangoni, jina la jirani lililoponyoka, vyote sasa vilikuwa na maana. Alimpeleka kwa daktari, Roshan akaambiwa achore saa na ataje wanyama ili apimwe kumbukumbu, na daktari akasema kwa umri wake hajambo. Nazlin hakuridhika, akampeleka kwa daktari wa pili. Mtu mwenye akili timamu hashuki kwenye treni njiani bila sababu, alisema. Alimpigia Naushad kumuuliza tena ilivyokuwa, kwa undani, na Naushad, akiwa ameshika simu jikoni kwake, alimrudishia hadithi ile ile. Alisema ni uzee tu, asijali sana.

Mwezi wa nne Nazlin aliirudisha nyumba ya kupanga aliyokuwa akiishi mama yake Agincourt, akamhamishia kwake Markham, mji wa jirani, na kumkataza kupanda basi peke yake. Roshan hakubishana.

Naushad hakulifikiria sana jambo hilo, au alijizoeza kutolifikiria, mpaka siku moja ya Mei mlango wake ulipogongwa mchana na akamkuta mwanamke mrefu amevaa sare ya wahudumu wa wazee. Alijitambulisha kwa jina la Clementina, kutoka Bukavu. Kila Alhamisi kwa miaka sita Roshan alikuwa akipanda basi la barabara ya Sheppard, kisha treni ya chini ya ardhi, kisha basi jingine mpaka mtaa wa Lawrence Heights, kuwafundisha cherehani wanawake wa Kongo na Burundi katika chumba cha kituo cha jamii. Clementina alikuwa mwanafunzi wake wa kwanza. Naushad alijua kuna darasa la namna hiyo, lakini hakuwahi kwenda kuliona.

Hakutaka kukaa. Alisema wamemngoja Mama Roshan Alhamisi tano, na walipompigia, binti yake aliwajibu kwamba hatakuja tena kwa sababu akili yake imeanza kupotea.

"Papa, mimi kazi yangu ni wazee waliopoteza akili," Clementina alisema. "Ninawaosha, ninawalisha, ninawajua. Mama Roshan mwezi wa pili alikata gauni la arusi bila karatasi, kwa macho tu, na likamkaa bibi arusi. Wewe ulikuwa naye kule. Ni nini kilichompata?"

Naushad alisema hakumbuki vizuri.

Clementina akatoa kwenye mfuko mkasi mkubwa wa kukatia nguo, uliofungwa kwa kitambaa, akasema ni wa Mama Roshan na amfikishie. Akaenda zake kuwahi basi.

Siku ya pili yake, kabla ya saa sita mchana, Naushad alikuwa Markham. Ilikuwa siku ya mapumziko ya Nazlin. Roshan alikuwa mezani jikoni anachambua mchele, na Nazlin yuko naye. Mchele wenyewe ulikuwa wa kwenye pakiti, hauna hata jiwe moja, lakini alikuwa amepewa kazi hiyo ili asikae bure. Naushad aliuweka mkasi mezani. Alikuwa ameyapanga maneno kwenye gari, na yote yakampotea. Alisema tu yaliyomjia, amesimama, koti bado mwilini. Alisema mama yake Nazlin hakupotea. Alisema yeye ndiye aliyehama behewa kwa sababu alikuwa anamwonea haya, kwamba aliwaambia watu wa Vancouver wako kwenye msafara mmoja tu, kwamba Roshan alishuka kumtafuta, na kwamba alimwona jukwaani akapandisha gazeti.

Nazlin alielewa Kiswahili chote lakini tangu utotoni alijibu kwa Kiingereza. Alimuuliza kwa Kiingereza kama anajua kwamba amempeleka mama yake kwa madaktari wawili, kwamba ameirudisha nyumba aliyokuwa akiishi. Naushad alisema anajua. Nazlin akamuuliza kama alijua pia siku ile alipompigia simu. Akasema ndiyo. Nazlin alitoka jikoni, na wakasikia mlango wa chumbani ukifungwa taratibu sana.

Wakabaki wawili. Roshan aliendelea kuchambua mchele.

"Nilikuona," alisema.

Naushad hakumwelewa.

"Pale Himeji nilikuona. Gazeti halikuficha mikono yako. Mikono yako siwezi kuisahau, nimekata kucha zake miaka mingapi? Nilitaka kugonga kioo. Halafu nikasema, basi, kama hataki nigonge, nisigonge."

Naushad aliketi. Alimuuliza kwa nini hakumwambia mtu, kwa nini alikubali kuhamishwa, kupelekwa kwa daktari, kuchora saa kama mwanafunzi.

"Ningesema nini? Kwamba mdogo wangu ananionea haya?" Roshan alisukuma mchele safi upande mmoja wa sinia. "Hilo ni gumu kusema kuliko kusema nimepotea."

Naushad alianza kulia, na Roshan hakumwambia anyamaze, wala hakumshika bega. Alimngoja amalize. Kisha akamuuliza aliwasimulia watu wangapi. Naushad alisema wengi, hakuwahesabu.

"Wasimulie tena," Roshan alisema. "Safari hii sema vile ilivyokuwa."

Kwa hiyo majira yale ya joto Naushad alizunguka. Alikwenda kwa Rahemtulla, aliyedhani ni mzaha mwingine na kucheka mpaka katikati, kisha akaona uso wa mwenzake akaacha. Alimpigia Aleena, aliyekuwa amehamia Calgary na mumewe, naye akasikiliza mpaka mwisho na kusema asante kwa kupiga. Kuna nyumba alizofika mara mbili kwa sababu mara ya kwanza alikunywa chai na kuondoka bila kusema. Kila alipoeleza, alitamani kuongeza jambo la kumpunguzia aibu, kwamba alikuwa amechoka, kwamba treni ile haikukaa sana, na mara moja moja aliongeza, na njiani akirudi alijua ameongeza.

Ukumbi wa wazee aliuacha mwisho. Mwenyekiti wao alimwambia ratiba imejaa mpaka Oktoba, akangoja, akapewa Alhamisi moja ya mwezi huo. Roshan hakuwepo. Alikuwa ameshapanga chumba kingine Agincourt, kidogo kuliko kile cha kwanza, na Alhamisi ile alikuwa Lawrence Heights na wanafunzi wake. Nazlin naye alikuwa amemrudishia mama yake pasi ya mwezi ya basi, lakini salamu za Naushad hakuziitikia, na kwenye Idi hakumwalika.

Alisimama mbele bila picha. Alisema mwezi wa kwanza aliwaeleza kitu ambacho hakikuwa kweli, akawaeleza cha kweli, mpaka kwenye gazeti. Ilichukua dakika nne. Hakuna aliyecheka na hakuna aliyemlaumu. Mama mmoja aliyemjua Roshan tangu Tabora aliinua mkoba wake akatoka. Mzee mmoja nyuma, ambaye pengine hakusikia vizuri, aliuliza kama pasi za reli za Japani bado zinapatikana kwa wageni. Naushad alimjibu kwamba zinapatikana, ila ununue kabla hujasafiri. Mwenyekiti akamshukuru na kutangaza chai.

Naushad hakujua apite vipi katikati yao kwenda mlangoni. Akabaki ukumbini, akaanza kukunja viti kimoja kimoja na kuviegemeza ukutani, huku wenzake wakinywa chai upande wa pili wa chumba wakizungumza kwa sauti za chini.